Wewe Unaonaje?

"Mwalimu, hii mizani imeharibika," alisema msichana wa meza ya mbele. "Majivu yamekuwa mazito kuliko utepe wa magnesiamu tuliouchoma."

Mwalimu wa kemia alifungua mdomo. Jibu lilikuwa limeshamfika kooni, na nyuma yake mambo mengine chungu nzima yamejipanga yakisubiri zamu. Akakumbuka agizo. Akameza mate.

"Wewe unaonaje?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Wanafunzi walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Somo lake la moli lilianzia kwenye atomu, likapitia ujana wake chuoni, likatua kwa wakubwa waliomnyima cheo, na kengele ililia kabla hajaandika mlinganyo hata mmoja ubaoni. Matokeo yakitoka, darasa zima liko chini, naye anatikisa kichwa kwa huruma. Watoto wa siku hizi vichwa vizito.

Muhula ulipofunguliwa, mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mama mtaratibu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Kuna mbinu mpya ya kemia, Mwalimu. Wanafunzi wanakaa vikundi. Wanapewa karatasi zenye maswali ya kuwaongoza, wanajaribu, wanabishana, wanalifikia jibu wenyewe. Mwalimu hahutubii."

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Unapita mezani. Ukiulizwa, na wewe uliza."

"Wakikosea?"

"Unauliza tena."

"Mama, huko si kufundisha. Huko ni kuchunga."

"Ndivyo agizo lilivyokuja," alisema mkuu, akimsogezea bunda la karatasi. "Tutafanyaje?"

Redio alitoka amevimba. Akamvuta pembeni mwalimu wa fizikia, akamwambia atalifuata agizo hilo kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, ili wote waone litakavyowaaibisha. "Wakishafeli, watanifuata wenyewe kunibembeleza niongee."

Kwa hiyo sasa alisimama dirishani akitafuna kifuniko cha kalamu, huku nyuma yake darasa likichemka.

"Mizani ni nzima," mvulana mmoja alikuwa akisema. "Nimepima tena lile jiwe tulilopima jana, uzito ni uleule."

"Basi kuna kitu kimeongezeka."

"Kimeongezeka kutoka wapi? Kibakuli chenye utepe kilikuwa juu ya moto tu!"

"Soma swali linalofuata. Wanauliza, utepe ulipokuwa unaungua ulikuwa umezungukwa na nini."

Vichwa vikainamia karatasi. Halafu yule msichana akaruka hadi kiti kikaanguka. "Hewa! Imekula hewa!"

"Si hewa yote," akadakia mwingine. "Oksijeni!"

Walipigiana makofi kama wamefunga bao. Redio aliumia. Hadithi yake ya oksijeni ilikuwa ndefu na nzuri, na hakuna aliyeiulizia.

Yote aliyoyazuia shuleni aliyamwaga nyumbani. Mkewe alikatakata vitunguu huku akielezwa jinsi metali inavyoungana na oksijeni, akakaanga, akapakua, na maelezo bado yako kwenye utangulizi.

"Baba watoto," alisema hatimaye, "leo shuleni hawakukuruhusu kuongea?"

"Mbinu mpya."

"Kumbe. Poleni." Haikueleweka anampa nani pole.

Mtihani wa majaribio ulipofika, Redio alikaa kusahihisha akiwa na kalamu nyekundu mpya, mkono unamwasha. Karatasi ya kwanza, vema. Ya pili, vema. Akahisi wameibia. Akawaita mmoja mmoja, akawapa swali ambalo hawajawahi kuliona. Walilitatua mbele yake, kalamu haitetemeki, na yule msichana akamwonyesha njia fupi kuliko ya kwake.

Usiku ule aliugulia moyoni. Asubuhi akaamka mtu mwingine kabisa. Mbinu ilikuwa yake. Alikuwa ameiamini tangu mwanzo, kama mtakumbuka. Mapumziko mazima aliwahutubia walimu wenzake kuhusu fadhila za kunyamaza, mpaka chai ikapoa vikombeni na mwalimu wa fizikia akajifanya amepigiwa simu.

Ikafika mahali shule yenyewe ikawa ndogo kwake. Akavaa koti la harusini, akaenda ofisi ya elimu kujitolea kuwafunza walimu wa shule nyingine.

Ofisa alimsikiliza kwa muda mrefu. Hakuwa na namna.

"Ni mbinu nzuri sana, Mwalimu," alisema alipopata upenyo. "Ila agizo hilo limetoka kwa nani? Sisi hatujatuma kitu chochote cha kemia."

Redio alirudi shuleni akihema, akaingia kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Mama, ofisi ya elimu hawaijui mbinu yetu! Yale maswali uliyatoa wapi?"

"Nilimwomba mdogo wangu. Anafundisha kemia shule nyingine."

"Na agizo?"

Mkuu aliweka kalamu chini, akavua miwani.

"Kaa kwanza, Mwalimu. Mwaka jana wanafunzi wako walikuja hapa, darasa zima, wakaniomba nikuhamishe. Nikawaambia haiwezekani, sina mwalimu mwingine wa kemia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema basi, si lazima aondoke. Akinyamaza tu inatosha."