Dirisha Lililokufa

Fundi alimaliza kukata rangi kavu iliyoligandisha dirisha la mbao la kupandisha juu, akachukua mtaimbo aling'oe.

"Ngoja nilijaribu," Ishbel akasema.

"Bibi, hilo limekufa zamani. La plastiki liko ngazini linakungoja."

Kweli, mwenyewe ndiye aliyeliagiza. Tangu aolewe katika nyumba hii ya Edinburgh, hajaona lile la zamani likifunguka.

Akaweka kidole kimoja chini ya fremu. Ndani ya ukuta vyuma vizito vikashuka, vikalivuta kwa kamba zake, na dirisha zima, vioo na mbao, likapanda kama moshi. Harufu ya kimea kutoka viwanda vya bia vya mjini ikaingia.

Fundi akavua kofia.

Ishbel akalishusha kwa kidole kilekile, akalipandisha tena, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu," akamnong'oneza fundi, "hilo la plastiki kampelekee mama mkwe wako."