Yai la Kanga

Mwaka ule kideri, ugonjwa unaopinda shingo za kuku na kuwaua, kilipoingia katika mtaa wa ndege, tabibu Korongo alileta chanjo ya matone. Kuku Mtetea akawafunika vifaranga wake kwa mbawa.

"Hiyo imekuzwa ndani ya yai, na kifaranga aliyekuwamo akafa," alisema. "Siwaokoi wanangu kwa mtoto wa mwenzangu."

Korongo hakubisha, kwani ilikuwa kweli.

Vifaranga wa jirani wakaanza kufa. Mtetea akawa hali, halali, na dhamiri bado inamkatalia. Ndipo Kanga akaja.

"Dada, yai lile la chanjo lilikuwa langu. Sikuulizwa."

"Basi wewe unanielewa!"

"Nakuelewa. Lakini ukiwazika hawa, wangu atarudi?"

Mtetea akainua mbawa. Vifaranga wakamkimbilia Korongo, wote isipokuwa mdogo wao, ambaye shingo yake ilikuwa imeshaanza kupinda.