Pembe Zisizofika Alama

Uvumi ulimganda Mama Sikuzani: eti tandala, wale swala wakubwa, siku hizi hawaoti pembe ndefu. Binti yake aliporudi na dume aliyemwinda bondeni, mama alichukua fimbo ya kupimia. Pembe hazikufika alama ya urefu unaoruhusiwa kuwindwa, na adhabu yake ni jela.

"We Siku, umeua mtoto!"

"Mtoto gani, mama? Tazama meno."

Yalikuwa yameisha, meno ya mzee.

"Basi alikosa malisho."

"Na unene huo?"

Mama akatazama ukutani, kwenye pembe ndefu alizotundika marehemu mumewe kila mwaka, zote za bonde lilelile.

"Wenye mbegu ya pembe ndefu tuliwamaliza sisi!"

Askari wa pori akabisha hodi.

Usichague dume kwa pembe. Usiwinde bonde moja kila mwaka. Usimtundikie mwanao pembe akazitamani.