Dozi ya Dirisha

Tangu zahanati zianze kuwaandikia wagonjwa mabomba, sakafu na mapaa badala ya vidonge, Nyamizi hakuwa amepata kuona dozi tamu kama hii: dirisha pana la jikoni, lililowekwa kwa ajili ya kifua cha bintiye. Moshi ulitoka, jua likaingia, na mwezi haukwisha kabla Kabula hajaanza kuruka kamba huku akiimba. Majirani walihamishia chai yao humo.

Leo bwana afya alikuja, akamsikiliza Kabula kifuani, akatabasamu.

"Hongera, mama Kabula. Mtoto amepona. Kesho mafundi watakuja kuling'oa dirisha, maana yupo mgonjwa mwingine analingoja."

Nyamizi alimshukuru kwa dhati, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akamwinamia bintiye.

"Kohoa, mwanangu," akamnong'oneza. "Kwa nguvu, bado hajafika mbali."