Kona ya Dakika Kumi na Tisa

Dakika kumi na tisa! Peninah aliandika, akapiga mstari chini yake kwa furaha. Mzee Méthode ndiyo kwanza alikuwa anaondoka pale kwenye kona, na pale hapakuwa na duka, kiti wala kivuli.

Ilikuwa Agosti 2021, na Granville, mtaa wa wahamiaji huko ughaibuni, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Chuo kikuu cha Peninah kilikuwa kinaisaidia halmashauri kupanga namna ya kufufua biashara za mitaani. Wenzake walifanya utafiti kwenye Zoom. Yeye, kwa kuwa aliishi ghorofani hapo hapo, alipewa kona: asimame kila siku apime wapita njia wanasimama kwa muda gani. Wasiposimama, mtaa unafutwa kwenye mpango na yeye anafeli somo. Na viza ya mwanafunzi haipendi watu wanaofeli.

Wiki mbili za kwanza hakusimama hata mbwa. Peninah aliandika sifuri mpaka akataka kulia.

Kisha wakaanza kuja, Wakongo wa kanisa la jirani, Mzee Méthode akiwamo, mmoja mmoja, barakoa usoni. Wanasimama. Wanauliza kama amelala vizuri, kama amempigia mama yake Eldoret. Mama Chibalonza alileta hata uji kwenye chupa ya chai.

"Lakini ni nini kinawavuta hapa, mama?" Peninah alisoma swali la fomu.

"Tunapita tu, binti yangu. Kunywa kwanza."

Akajaza: mvuto haujulikani. Halmashauri ikapagawa. Kona tupu, na watu wanakaa muda mrefu kuliko katikati ya mji jirani wa Parramatta! Ripoti ikapendekeza mabenchi manne na kibanda cha kahawa. Profesa akasema alama zitatoka maafisa wakishaiona kona kwa macho yao.

Wakaja wawili, na vizibao vya kung'aa na futi ya kupimia. Wakamweka Peninah katikati, mmoja huku, mwingine kule, wapige picha. Alitabasamu mpaka barakoa ikapanda.

Mara Mama Chibalonza akatokea mbio, akamng'ang'ania Peninah mkono, akawageukia maafisa huku machozi yanamtoka.

"No, please! Musimupeleke hospitali! Ni kweli, tangu lockdown anasimama hapa kila siku anaandika hewa, lakini hapigi mutu. Kanisa inamuchunga. Kila saa iko mutu wa zamu!"