Kiti cha Nyuma

"Kaka Kengele, ng'oa hicho kiti cha nyuma! Utabeba uzito wa bure njia yote hiyo?" Marafiki walikuwa wameinamia ramani ya safari ya baiskeli ya kuchangisha fedha za wodi aliyofia mkewe.

Walisema kweli. Baiskeli ya watu wawili, na yeye kabaki peke yake. Akashika spana, akakifungua kiti, akakiegemeza ukutani. Ngozi ya kiti ilikuwa bado imebonyea upande mmoja.

Akapanda baiskeli, akazunguka uani kuijaribu. Ilikuwa nyepesi mno, hata hakuipenda.

Karibu na geti akapaza sauti kama alivyozoea, maana wa nyuma haoni njia: "Shimo hilo, mama watoto! Jishikilie!"

Marafiki wakainua macho kutoka kwenye ramani. Yeye akapunguza mwendo, akisubiri kuitikiwa.