Jemadari Angoja Swala

Watu wa ndani ya michezo ya kompyuta siku hizi wana akili zao, na ukimuua mmoja harudi tena. Bi Zaituni, mjane, alikuwa kwenye mchezo wake wa Ugiriki ya kale, upanga u shingoni mwa jemadari wa Sparta, ikaadhiniwa alasiri.

"Bibi, mmalize!" mjukuu wake Rahila akapiga kelele. "Ngome ni yetu!"

"Swala kwanza, we mtoto."

"Nenda tu, Bibi," jemadari akasema kiooni, kapiga magoti. "Sikimbii."

Wakacheka wote watatu. Bi Zaituni akatawadha, akaswali, akarudi. Jemadari alikuwa palepale, shingo kaiinamisha.

"Bibi," akauliza kwa adabu, "huko ulikokwenda, umetuombea na sisi?"

Safari hii Rahila alicheka peke yake.